Mvumo Ndani ya Gitaa la Kulwa

Najua utakachosema, kwa sababu nimeshajiambia mwenyewe mara nyingi kuliko utakavyoweza kuniambia wewe. Utasema nilikuwa na homa. Sikuwa nayo. Utasema nilikuwa nimekunywa, na mimi pombe sijawahi kuionja. Utasema majonzi humfanya mtu aone visivyokuwepo. Hapo ndipo ninapokwama, maana mambo haya niliyaona kabla ya majonzi. Nimesoma fizikia mpaka chuo kikuu. Nilifundishwa nisiamini kitu mpaka kimepimwa, na hiki kilipimwa mbele ya macho yangu, kwa mizani, uani kwetu, jua bado lina mwanga.

Kwetu ni Sapiwi, nje ya mji wa Bariadi. Ilikuwa miaka ile soko huria lilipotufikia. Ushirika haukuwa tena na nguvu ya kununua pamba yote, wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake begani na bei yake mdomoni. Sisi wahitimu nasi tuliachiwa sokoni. Waliotutangulia walipangiwa kazi kabla hata hawajavua majoho. Sisi tuliambiwa tutafute wenyewe. Nilituma maombi, nikangoja, nikatuma mengine, mwishowe nikarudi nyumbani na cheti changu chini ya nguo kwenye begi.

Nyumbani nilimkuta Kulwa, pacha wangu. Mimi ni Doto, kwa hiyo yeye ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kwa majina angalau. Mama mwenyewe hana uhakika. Husema siku ya kwanza alipotuogesha alituchanganya, akatugeuzageuza, akaona tunafanana mpaka kucha, akaamua tu: huyu Kulwa, huyu Doto. Tangu siku hiyo akaishika kwa nguvu desturi ya kwetu kuhusu mapacha, kwamba ukimpa mmoja umpe na mwenzake, kitu kilekile, siku ileile. Shati la bluu kwa Kulwa, shati la bluu kwa Doto. Kulwa akichapwa kwa kuacha ng'ombe waingie shambani, mimi nilipata fimbo yangu hata kama nilikuwa shuleni. Nilipokwenda chuo na Kulwa akabaki kufungua kibanda cha ufundi redio mjini, Mama aliumia kana kwamba ametuibia. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kupewa tofauti.

Niliporudi, kibanda kilikuwa kimefungwa. Kulwa alikuwa amelala nyumbani anakohoa, amekonda mpaka saa inazunguka mkononi. Hospitali walimpa dawa, wakabadilisha, kisha wakamwambia akapumzike nyumbani. Unajua maana ya maneno hayo. Na yeye aliijua. Alikuwa na hamu moja tu iliyobaki: gitaa la umeme alilolichonga mwenyewe kwa mbao za mninga alizozitoa kwenye kitanda chake. Shingo ilikuwa imenyooka, nyuzi alishazinunua Mwanza. Alitaka alisikie likilia kabla hajaondoka. Lilibakiwa na kitu kimoja, pikapu.

Sisemi gari. Wapiga magitaa huita pikapu kile kidude cha sumaku na waya wa shaba kinachokaa chini ya nyuzi. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana unaamka kwenye waya, unakwenda kwenye spika unakuwa sauti. Bila pikapu, gitaa la umeme ni ubao tu.

Tulikwenda Bariadi mjini, yeye amekaa nyuma ya baiskeli yangu, mwepesi kama mtoto. Bidhaa za Dubai siku hizo zilijaa mpaka barazani. Kwenye duka la spea za redio karibu na stendi tulikuta pikapu ya kiwandani, inang'aa, imebaki moja.

"Chukueni hii," muuzaji akasema. "Gitaa moja, pikapu moja, mambo yameisha."

"Kaka, unatuona tuko wangapi hapa?" Kulwa akamuuliza.

Yule bwana akatutazama nyuso, akacheka. "Basi mwenzako mnunulie pipi."

Kulwa alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, lakini hakuinunua. Alitaka mbili, moja karibu na shingo ya gitaa kwa sauti nzito, nyingine karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungiwa, kwa sauti kali. Na zote ziwe za namna moja. Tukarudi kuzitengeneza wenyewe. Sumaku tulizivunja kutoka kwenye spika mbovu za kibandani kwake. Waya, mwembamba kama unywele, tuliufumua kwenye transfoma za redio zilizoungua. Vibao vya kuzungushia tulikata kwenye dumu la mafuta ya kula. Tukaigeuza baiskeli miguu juu, tukafunga kibao kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, nikawa nazungusha pedali polepole kwa mkono, na yeye, amelala ubavu kwenye mkeka, akiuongoza waya kwa vidole viwili usikatike.

Tulipofika kwenye pikapu ya pili nilimwambia kanuni. Ukiwa na pikapu mbili, moja izungushwe kinyume na sumaku yake igeuzwe. Hapo kelele ya nje inayoingia kwenye hii inaiua ile inayoingia kwenye nyingine, na muziki unabaki peke yake.

"Yaani huyu aende kulia, huyu aende kushoto?"

"Ndiyo. Ni fizikia."

"Ni kuwagombanisha. Mama akisikia atakuchapa na cheti chako." Akavuta pumzi. "Zote upande mmoja, msomi. Sawasawa."

Nikazizungusha zote upande mmoja, sumaku zote zikitazama upande mmoja. Tukazichovya kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Kulwa akakwaruza K kwenye ile ya shingoni, D kwenye ile ya darajani. Katikati tukaweka swichi: ukiisukuma huku inasikika K, kule D, ikikaa kati zinasikika zote.

Niamini, siku tuliyoliunga kwenye redio kaseti na betri ya gari, lililia. Mama aliacha ungo wa mtama akasimama mlangoni na mikono imejaa pumba. Kulwa alipiga akiwa amelala, macho ameyafumba, na kwa muda ule hakuna aliyekohoa.

Lakini chini ya nyuzi palikuwa na mvumo. Uuuu, mzito, wa chini. Sasa nisikilize vizuri. Mvumo wa namna hiyo hutoka kwenye nyaya za umeme wa majumbani. Kwetu umeme ulikuwa haujafika. Hapakuwa na nguzo wala jenereta, tulikuwa na betri tu, na betri haivumi. Nilifungua viungo vyote nikavilehemu upya. Nilizifunika pikapu kwa karatasi za fedha za ndani ya pakiti za sigara. Nilibadilisha betri. Nilipolichomoa gitaa, redio ilinyamaza kimya. Nikilirudisha, uuuu. Na haukuwa umetulia. Ulipanda, ukashuka, ukapanda, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Uache bwana," Kulwa alisema. "Hata mimi navuma."

Ningewezaje kuuacha? Mimi nikiona msumari umepinda ukutani sipati usingizi. Nililala nao, nikaamka nao, nikauchorea michoro. Na katika kuuwaza huko sikutaka kutazama jambo lingine, kwamba suruali zangu zilianza kunipwaya na jioni nilikuwa nakohoa. Nilijiambia ni mawazo. Nilijiambia ni vumbi. Nilijiambia nikienda hospitali nitaambiwa nikapumzike nyumbani. Mama alituongezea maziwa mgando, bakuli mbili, akizitazama kwa jicho zilingane.

Kisha akaja yule mtu.

Ilikuwa magharibi. Pamba ilishauzwa, mabua yalishang'olewa na kuchomwa, mashamba yalikuwa meusi. Nilikuwa nimekaa uani na gitaa mapajani, limeungwa kwenye redio, linavuma. Kulwa alikuwa chumbani, dirisha liko wazi nyuma yangu. Ng'ombe walikuwa wamerudi, lakini walisimama nje ya zizi, hakuna aliyetaka kutangulia kuingia. Nikamwona mtu anasukuma baiskeli kutoka upande wa mashamba, si upande wa njia. Begani ana mizani ya kuning'iniza, ile ya wanunuzi wa pamba, yenye uso wa saa na ndoana chini.

"Mwangaluka," akanisalimu.

Kila Msukuma anajua hiyo ni salamu ya asubuhi. Jua lilikuwa linazama nyuma yake. Nikamjibu "Mwadila," kama inavyopasa jioni, nikadhani atajirekebisha. Hakujirekebisha.

"Pamba imekwisha, mzee," nikamwambia.

"Sikuja kwa pamba." Akaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa zizi. Hakuwa mzee wala kijana. Uso wake, nikijaribu kuukumbuka, naukumbuka kama unavyoukumbuka uso wa mtu uliyesimama nyuma yake kwenye foleni. Alipokaribia, mvumo ukakatika. Akarudi hatua nyuma, ukarudi. Akasogea tena, kimya. Mwili wa mtu unaweza kufanya hivyo akizigusa nyuzi, na hilo lina maelezo. Yeye hakuwa amezigusa.

"Umezizungusha zote upande mmoja," akasema.

"Umejuaje?"

Alitundika mizani kwenye mhimili wa paa, akaenda kwenye kamba ya nguo, akachukua mashati yetu mawili ya bluu ambayo Mama aliyafua asubuhi. Ningepaswa kumzuia. Nilibaki nikijiuliza kama ni adabu kumzuia mgeni. Akatundika shati la kwanza kwenye ndoana.

Mshale ulishuka. Shati tupu, kavu, la tetroni, lilivuta ile ndoana mpaka mhimili ukalia, kama ametundikwa mtu mzima. Akalitoa, akatundika la pili. Mshale ukashuka ukasimama palepale.

"Unaona shida yangu?" akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi. "Nimetumwa mzigo mmoja. Nikipima hapa napata miwili, haina tofauti hata punje. Nimekuja mara nyingi. Kila nikija mnapungua, na mnapungua sawa."

"Mzigo gani?"

"Mmoja ni mgonjwa. Mwingine anafuata tu, kwa sababu amefungwa upande mmoja naye. Mama yenu aliwafunga vizuri. Sijawahi kukuta kazi safi kama hii." Akalikunja shati, akalirudisha kambani, akalinyoosha kola. "Yupi aliyetangulia?"

"Hata Mama hajui."

"Hivyo ndivyo wanavyoniambia wote." Akaelekeza kidole kwenye gitaa. "Geuza waya za moja. Wewe umesoma, unajua kwamba nasema kweli. Mvumo utakufa, nitamwona wangu, nitakwenda zangu. Mwingine atabaki na uzito wake."

"Na nisipogeuza?"

"Nitangoja mpaka mkauke wote wawili. Msimu wangu haufungwi."

Akatungua mizani, akachukua baiskeli yake, akarudi mashamba meusi alikotoka. Sikumwona akipotea ghafla, kama hadithi zinavyosema. Alikwenda tu, akawa mdogo, na giza likaja. Ng'ombe wakaingia zizini wakisukumana.

Je, ungefanya nini? Nilijaribu kulichambua kama swali la mtihani. Kama ni mwendawazimu, mizani ile je? Kama ni ndoto, mbona kola ya shati langu imenyooshwa? Na kama ni kweli, basi mbele yangu kulikuwa na njia mbili tu, kumwacha ndugu yangu achukuliwe, au kwenda naye. Nakuambia ukweli wangu wote: sikuchagua. Nilijua tu kwamba mkono wangu hautagusa zile waya.

Niliingia chumbani. Kulwa alikuwa macho.

"Nani alikuwa anaongea na wewe?"

"Mnunuzi wa pamba."

"Pamba gani, mashamba yameshachomwa?" Hakungoja jibu. "Lete gitaa."

Akapiga kidogo, kwa kidole gumba tu. Mvumo ukapanda, ukashuka. Akakohoa. Na mimi, palepale, nikakohoa. Akaacha kupiga. Akanitazama usoni, akashuka shingoni, mpaka mkononi, mahali ambapo saa yangu nayo ilikuwa imeanza kuzunguka.

"Tangu lini, Doto?"

"Ni vumbi la mashamba."

"Msomi mzima, hujui kudanganya." Akatabasamu. Kisha akasema, kama anayezungumzia redio ya mteja, "Pale dukani tungechukua ile moja."

Nikachukua chuma cha kulehemu nikakificha chini ya godoro langu. Nilijua anachowaza, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na siku zote tuliwaza pamoja. Nikalala juu yake, kinanichoma ubavuni, nikijiapiza sitafumba macho. Mama alikuwa ameacha jikoni makaa yaliyofunikwa majivu kwa ajili ya uji wa asubuhi. Hilo sikuliwaza. Mimi, ninayewaza kila kitu, sikuliwaza makaa.

Unataka kujua nilijuaje, kabla hata sijainuka? Nilijua kwa sababu niliamka nikavuta pumzi, ikaingia mpaka chini. Hakuna kilichokwaruza. Kifua kilikuwa chepesi kama cha mtoto aliyelala mchana. Nilivuta nyingine, nikaanza kulia, na hewa ya chumba ilikuwa na harufu ya lehemu.

Alitumia msumari. Aliutia kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, akaushika kwa koleo la kibandani kwake, akafumua viungo vya pikapu aliyoiandika K, akavigeuza, akavilehemu upya. Alikuwa fundi wa viungo vidogo vinavyong'aa kama tone la maji. Hivi vilikuwa vimevimba na kuparuka, na kimoja kilikuwa na alama ya kidole chake. Gitaa lilikuwa kifuani pake, bado limeungwa kwenye redio, redio inawaka. Haikuvuma. Nilisogeza sikio mpaka kwenye kitambaa cha spika. Kimya.

Bibi mmoja wa ukoo alifika akasimamia mazishi, maana kwa mapacha kwetu kuna utaratibu wake. Jirani aliyekuwa amewahi kutoka kukamua alinisimulia, bila kuulizwa, kwamba alfajiri alipishana na mnunuzi wa pamba anasukuma baiskeli, kwenye keria kuna mzigo mzito mpaka tairi limebonyea. Alishangaa, kwa sababu kulikuwa kunapambazuka na yule mtu akamsalimu, "Mwadila."

Mimi nilipona. Nilinenepa. Baadaye nikapata kazi ya kufundisha, naifanya mpaka leo, na wanafunzi wangu wananiona mtu mwenye afya. Mama bado hununua mashati mawili. Ananipa yote.

Gitaa ninalo. Kulwa aligeuza waya hakugeuza sumaku, hakuwa na nguvu za kuivunja nta, kwa hiyo swichi ikikaa kati, mvumo umekufa lakini na muziki umekufa nusu. Sauti inatoka nyembamba, kama inapigwa ndani ya debe. Ukiisukuma kwangu, upande wa D, pana nyuzi, basi. Ukiisukuma upande wa K, hata mahali pasipo na umeme, unausikia. Uuuu. Unapanda, unashuka. Nikitaka kumsikia ndugu yangu, lazima nijizime mwenyewe kwanza. Nimejizima jioni nyingi.

Mwaka jana Mama aliniomba jambo. Tulikuwa tumekaa jikoni, bakuli mbili za maziwa mbele yetu, ya pili haina mtu. "Ng'wanone," mwanangu, akaniambia, kwa sauti ya chini, kama anayeomba chumvi, "mrudishe upande wenu." Sijui kama alijua anachoomba. Nimemtazama usoni mara nyingi tangu siku hiyo na bado sijui. Zipo jioni ninawasha makaa, natia chuma cha kulehemu, nangoja mpaka kiwe chekundu. Nafikiri: akirudi, au nikienda, au tukichanganywa tena kama siku ya kwanza, kuna tofauti gani? Labda tangu mwanzo mimi ndiye Kulwa. Nafikiri mpaka chuma kinapoa. Kisha nakitia tena.

Wewe unayenisoma, kama mlizaliwa wawili, au kama umezaa wawili, nisikilize. Mkimwona mnunuzi wa pamba mashamba yakiwa yameshachomwa, akawapa salamu ya asubuhi wakati jua linazama, ondoeni mashati kambani. Msiyaache ayapime. Na chochote mnachotengeneza kwa pamoja, kama kinavuma, kiacheni kivume. Usilale kabla mwenzako hajalala. Na kabla hujalala, nenda jikoni, mwaga maji kwenye makaa.